Bibi Mwenye Kidonda na Mjukuu Aliyebalehe: Utafiti wa Afya ya Jamii Njombe na Makambako Uanzie Wapi?

Mkoa wa Njombe ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa, na tangu siku zake za mwanzo wataalamu wa afya wameujua kwa jambo moja. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49 mkoani humo wanaishi na Virusi vya UKIMWI (VVU), kiwango kilichozidi cha mkoa mwingine wowote nchini. Utafiti wa 2016–17 ulionyesha asilimia 11.4. Ule wa 2022–23 ukaonyesha 12.7, wakati taifa zima lilikuwa kwenye 4.4. Tarakimu hizo zimeleta kliniki, dawa, magari, mafunzo na watafiti. Zimeokoa watu wengi, na anayekumbuka wilaya ya Makete ilivyokuwa kabla ya dawa za ARV kuenea hawezi kulidharau hilo. Lakini pia zimeyazoeza macho yetu kutazama mahali pamoja tu.

Yako mambo mawili ambayo muuguzi wa zahanati yoyote kati ya Makambako na Ludewa anayajua bila kuambiwa na mtu. La kwanza ni vidonda vya miguu visivyopona. La pili ni vijana balehe wanaoingia katika mapenzi, mimba na ndoa kabla hawajapata mtu wa kuzungumza nao. Kiofisi mambo haya hayakutani. Kidonda kinaangukia kwa watu wa magonjwa yasiyoambukiza, au wa ukoma, au wa upasuaji, kutegemea nani amekiona kwanza. Kijana balehe yuko chini ya afya ya uzazi, mama na mtoto. Kila upande una fomu zake, semina zake na mfadhili wake.

Nyumbani hali ni tofauti. UKIMWI ulichukua kizazi cha katikati katika familia nyingi za Njombe, na Makete ikajulikana nchi nzima kwa wingi wa yatima wake. Waliobaki kulea ni bibi. Kwa hiyo katika nyumba moja unaweza kumkuta mwanamke wa miaka 65 mwenye kidonda cha mguu na binti wa miaka 15 anayechota maji, anayepika, anayekiosha kidonda hicho na kukifunga kitambaa, kisha anawahi shule iliyo mbali. Mtafiti wa vidonda akifika atamhesabu bibi. Mtafiti wa vijana akifika atamhesabu mjukuu. Hakuna atakayeandika kwamba kidonda cha mmoja kinaamua saa za masomo za mwingine. Nasema utafiti wa afya ya jamii katika mkoa huu uanzie hapo, kwenye kaya, na mtafiti asiende mikono mitupu.

Nianze na mguu, kwa sababu ndio uliosahaulika zaidi.

Kidonda huitwa sugu kinapopita wiki sita hivi bila kuelekea kupona. Katika Nyanda za Juu Kusini, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, maelezo ya kwanza ya kidonda cha namna hiyo mara nyingi ni kwamba mtu ametegwa: amekanyaga kitu alichowekewa njiani na mwenye chuki naye. Sioni faida ya kulicheka wazo hili. Linajibu swali ambalo zahanati haikulijibu, yaani kwa nini mguu wangu haukupona wakati jirani aliyejikata kwa panga siku ileile amepona. Mgonjwa aliyepewa vidonge vya siku tano na kuambiwa arudi kufunga kidonda, halafu asione nafuu, ana haki ya kutafuta sababu kwingine. Tatizo ni kwamba wakati anazunguka kwa waganga, na nyumbani kidonda kinamwagiwa unga wa kapsuli za rangi mbili, mguu unaharibika.

Sababu za kitabibu ni nyingi, na hapo ndipo utafiti unapohitajika. Mishipa inayorudisha damu juu kuelekea moyoni ikilegea, damu hutuama chini, kifundo huvimba, ngozi hugeuka nyeusi na ngumu, na mkwaruzo mdogo huwa kidonda cha miaka. Mishipa inayoleta damu ikiziba, nyama hufa kwa kukosa hewa, na mgonjwa huona maumivu makali usiku. Kisukari huua hisia za nyayo, mtu akachomwa na msumari asijue hadi aone damu ndani ya kiatu. Ukoma hufanya hivyohivyo. Tanzania ilifikia mwaka 2006 kile kiwango cha kimataifa cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000, lakini wale ambao mishipa yao ya fahamu ilishaharibika hawakurudishiwa hisia kwa tangazo hilo.

Kisha kuna yale yanayotokana na udongo na miti. Njombe ni nchi ya mbao, chai, viazi na parachichi. Watu hufanya kazi kwa panga, shoka na msumeno, wengi wakiwa na ndala au yeboyebo, na nyumba nyingi bado zina sakafu ya vumbi ambamo funza huishi. Miiba na vibanzi vya mbao huingiza kuvu ndani ya ngozi, na kuvu hao huweza kulea uvimbe na kidonda kwa miaka. Kuna pia uvimbe wa miguu unaofanana na matende lakini hausababishwi na minyoo inayoenezwa na mbu. Unatokana na kukanyaga kwa miaka mingi, bila viatu, udongo mwekundu wa asili ya volkano katika nyanda za juu zenye mvua nyingi. Umeelezwa sana Ethiopia, na umeonekana Uganda, Rwanda na Kamerun. Mtafiti anayefanya kazi kwenye miinuko ya Njombe akiukuta mguu wa namna hiyo asikimbilie kuandika matende. Aulize kwanza historia ya viatu.

Halafu baridi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai watu hukaa wamezunguka moto jikoni. Mtu ambaye nyayo zake hazina hisia, kwa kisukari au kwa ukoma, huweza kuuweka mguu karibu na kaa hadi ngozi iungue bila kusikia chochote. Ushauri wa miguu ya wenye kisukari uliotungwa kwa ajili ya Dar es Salaam, ambako adui ni joto, jasho na viatu vya kubana, haumtoshi mtu wa Lupembe au Makete. Nadhani jambo hili moja lingetosha kuwa swali la utafiti mzima: ni vidonda vingapi vya miguu Njombe vilianzia jikoni, kwenye mafiga?

Sababu ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, na katika mkoa huu haipaswi kusahaulika hata siku moja: saratani. Madaktari wa Afrika Mashariki na ya Kati walizijua alama za saratani ya Kaposi kwenye miguu ya wanaume watu wazima hata kabla UKIMWI haujajulikana. UKIMWI ukaizidisha mara nyingi. Huanza kama mabaka au vinundu vyeusi, mguu huvimba, kisha ngozi hupasuka. Tena kidonda cha kawaida kilichokaa miaka mingi bila kupona kinaweza chenyewe kugeuka saratani ya ngozi, kingo zake zikainuka na kuwa ngumu. Vidonda hivyo vikifungwa bendeji miezi na miezi bila kukatwa kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara, mgonjwa hufika hospitali ya kanda Mbeya au taasisi ya saratani ya Ocean Road wakati umeshapita.

Kwa bahati mbaya sababu hizi zote kwa macho ya haraka zinafanana: shimo jekundu, usaha, harufu. Ndiyo maana tiba ya kubahatisha inashindwa. Kidonda cha mishipa iliyolegea kinapona kwa kubanwa. Bendeji ya kubana, ikifungwa vizuri kuanzia vidole hadi chini ya goti, ina nguvu kuliko dawa yoyote ya kupaka. Lakini bendeji hiyohiyo ikifungwa kwenye mguu ambao damu haifiki inaweza kuuua mguu, kwa hiyo lazima mtu apapase kwanza mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo. Kidonda cha kisukari kinataka sukari ishushwe na wayo upumzishwe usikanyagiwe. Cha ukoma vilevile kinataka kupumzishwa. Cha saratani kinataka mkasi na maabara.

Kupapasa mapigo hakuhitaji mashine. Kupima sukari kunahitaji tone la damu na kikaratasi. Kujua kama wayo una hisia kunahitaji uzi mmoja wa nailoni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliofanywa kwa mtindo wa Shirika la Afya Duniani ulikadiria kuwa asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na baadhi yao hugunduliwa wakati mguu umeshaoza. Dar es Salaam, Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake walionyesha kwa miaka mingi kwamba kuwafundisha wauguzi na madaktari wa ngazi ya chini kuikagua miguu kabla haijaharibika kunapunguza kukatwa miguu, na mpango wao ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaigwa katika nchi nyingine. Njombe haina haja ya kuvumbua. Inahitaji kuleta elimu hiyo hadi zahanati ya kata, ikiongezwa maarifa ya baridi, mbao na Kaposi.

Sasa, ugumu wa kuvitafiti vidonda ni kwamba mwenye kidonda hujificha. Huvaa gambuti au hufunika kwa kanga. Huacha kwenda kanisani kwa sababu ya harufu, huacha kikundi cha kuweka na kukopa, huacha kilabu cha ulanzi. Rejista ya hospitali ya Kibena, Ilembula au Ikonda itakuonyesha waliofika, nao ni wale wenye nauli, au wale ambao ndugu wameona sasa mguu utakatwa. Hesabu inayotoka kwenye rejista peke yake inapima nauli kuliko ugonjwa. Ndiyo sababu nasisitiza nyumba kwa nyumba, na maswali yaulizwe kwa Kibena, Kikinga, Kipangwa au Kiwanji kwa wazee, na mtu wa kuuliza awe anayefahamika kijijini.

Na asiende kuhesabu tu. Kumvua mzee bendeji, kupiga picha kidonda chake, kuandika urefu na upana kwa sentimita, kisha kumwacha nacho, ni jambo ambalo sheria za maadili ya utafiti zinaweza kuliruhusu kwenye karatasi, lakini kijiji hakitalisahau. Mtafiti wa vidonda abebe sabuni, maji safi, shashi, bendeji za kubana na kipimo cha sukari, na awe na makubaliano na hospitali ya kumpokea atakayebainika kuwa na tatizo kubwa. Gharama itapanda. Ipande.

Kati ya mguu wa bibi na mwili wa mjukuu kuna kiungo kimoja ambacho Njombe inapaswa kukiangalia kwa uchungu: chakula. Huu ni mkoa unaolisha miji. Malori ya viazi na mahindi hushuka Makambako kila siku kuelekea Dar es Salaam. Hata hivyo Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Iringa tu ndiyo ilikuwa na hali mbaya zaidi. Mtoto aliyedumaa, akiwa msichana, hukua na nyonga nyembamba, na akibeba mimba akiwa na miaka 15 au 16 yuko katika hatari ya kushindwa kujifungua kwa njia ya kawaida. Bibi anayekula ugali na mboga za majani mwaka mzima, mayai na maharage yakiuzwa yapatikane ya mafuta ya taa na daftari, hana malighafi ya kujenga nyama mpya kwenye kidonda. Sufuria moja huamua mambo yote mawili. Mtafiti anayeuliza juu ya kidonda na hakuuliza jana mlikula nini ameacha sehemu ya jibu jikoni.

Nije kwa vijana. Utafiti huohuo wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa, au wana mimba, au waliwahi kupata mimba. Mwaka 2015–16 hesabu iliyolingana na hiyo ilikuwa 27. Kuna nafuu, ingawa mkoa mwingine wa nyanda hizihizi, Songwe, ulikuwa kwenye asilimia 45, mbaya kuliko mikoa yote. Kwa Njombe hatari ina sura zake, na mtu akitaka kuzielewa aanzie barabarani.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inapita hapo, ile ya Njombe hadi Songea inachipukia hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni hapo. Madereva wa malori hulala Makambako. Zipo gesti, baa, mama lishe, soko la mbao na fedha taslimu zinazobadilisha mikono usiku kucha. Msichana anayeuza chai stendi au anayefua mashuka ya gesti ana kipato, na karibu naye wapo wanaume wenye fedha kuliko yeye mara mia. Kampeni ya redio ya Fataki iliwachora wanaume hao vizuri hadi jina likaingia mitaani, lakini kumwita mtu fataki hakumpi binti nauli ya kurudi kwao.

Barabara hiyohiyo huwachukua wengine. Njombe na Iringa zimekuwa kwa miongo mingi mikoa inayotoa wasichana wa kazi za ndani wa Dar es Salaam. Huondoka wakimaliza darasa la saba, au kabla. Utafiti wa vijana unaofanywa shuleni tu hauwaoni kabisa: waliondoka, na wakirudi na mtoto mgongoni hawako tena kwenye orodha ya mwanafunzi yeyote.

Wanaobaki shuleni nao wana geto. Shule za sekondari za kata zilipoenea kuanzia katikati ya miaka ya 2000, vijiji vya milimani vilipata shule lakini si vyote vilipata mabweni. Mwanafunzi anayetoka mbali hupangiwa chumba karibu na shule, peke yake au na wenzake, na mzazi huleta debe la mahindi mwisho wa mwezi. Mahindi yakiisha kabla ya mwezi, kijana wa bodaboda yupo. Nimesikia watu wazima wakiwalaumu wasichana hawa kwa tamaa. Ningeomba walaumu kwanza umbali.

Na wavulana? Hapa Njombe ina historia ya kujivunia. Tohara ya kitabibu ya hiari ilipopelekwa Iringa, ambayo wakati ule ilijumuisha Njombe, watu walijitokeza kwa wingi. Katika kampeni ya wiki sita ya mwaka 2010 walitahiriwa zaidi ya 10,000, wengi wao wakiwa vijana wadogo. Yaani mkoa uliwahi kuwafikisha wavulana balehe kliniki kwa maelfu, wakakaa kwenye benchi, wakashauriwa na kupimwa. Nafasi hiyo ya kuzungumza nao kuhusu heshima kwa wasichana, kuhusu mimba na kuhusu ridhaa haijatumiwa kwa kiwango kile tena. Afya ya uzazi ya vijana imerudi kuwa mazungumzo ya wasichana, wanaohubiriwa wakatae, huku anayewataka akiwa hayupo darasani.

Kuhubiri kuna mipaka, na hilo limepimwa hapahapa Tanzania. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu tawi la Mwanza, AMREF na London School of Hygiene and Tropical Medicine waliendesha mradi wa MEMA kwa Vijana katika jamii 20 za vijijini, wakifuatilia vijana 9,645. Nusu ya jamii zilipewa masomo ya afya ya uzazi katika madarasa ya juu ya msingi, huduma rafiki kwa vijana katika zahanati, na kondomu zilizouzwa na vijana wenzao. Maarifa yalipanda, na mitazamo iliyotamkwa ikabadilika. Lakini mimba, VVU na malengelenge ya sehemu za siri havikupungua kwa tofauti ya kueleweka, na uchunguzi mwingine wa 2007–08 uliohusisha vijana 13,814 ulithibitisha hivyo. Waandishi wa utafiti ule walikuwa waaminifu kuyachapisha matokeo kama yalivyo, na nchi inawadai shukrani. Kijana anaweza kujua kila kitu na bado akashindwa, kama anayeshika fedha, chumba na uamuzi ni mtu mwingine.

Kwa hiyo ni muhimu kutazama kilichojaribiwa baadaye, jirani kabisa na Makambako. Mpango wa Ujana Salama uliendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kwa msaada wa UNICEF na Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS) katika Mufindi na Mafinga upande wa Iringa, na Rungwe na Busokelo upande wa Mbeya, ukafuatiliwa kitaalamu katika vijiji 130 kuanzia 2017. Vijana wa kaya ambazo tayari zilikuwa zikipokea ruzuku walipewa mafunzo ya maisha na ya kipato, mlezi wa kuwaongoza, mtaji mdogo, na kuunganishwa na zahanati. Matokeo hayakuwa ya miujiza, lakini yalionekana: maarifa ya kujikinga yaliongezeka, vijana wakaingia kwenye ufugaji na biashara ndogo, na ukatili wa kingono dhidi ya wasichana ukapungua. Mtu akisafiri kutoka Mafinga hadi Makambako haoni mpaka wowote wa kimaisha kati ya vijiji hivyo. Sioni sababu ya Njombe kusubiri ushahidi mwingine kutoka mbali.

Sheria na sera zimesogea pia, na mwalimu au mtendaji wa kata asiyezijua anaweza kumdhuru binti kwa nia njema. Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa mimba kurudi katika mfumo rasmi wa shule. Mwaka 2019 umri wa kuridhia kupima VVU bila idhini ya mzazi ulishushwa kutoka miaka 18 hadi 15. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume cha Katiba. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa mkoa wenye maambukizi mengi ya VVU kama Njombe, ambako saratani hiyo hupata nguvu zaidi, dozi hiyo moja ni kubwa mno kuachwa impite binti kwa sababu tu hakuwa shuleni siku ya chanjo.

Mtafiti wa vijana ana ugumu uleule wa mtafiti wa vidonda: anayeulizwa huficha. Mwanza kulifanyika ulinganisho wa majibu ya vijana na vipimo vya miili yao. Kati ya wasichana ambao vipimo vilionyesha kwamba wameshaanza ngono, chini ya theluthi moja ndio walikiri hivyo kila walipoulizwa. Sishangai. Binti ataulizwaje jambo hilo na bibi yake amekaa hatua tatu, anachambua maharage? Kwa kijana wa chini ya miaka 18 mlezi hutia saini fomu ya utafiti na kijana mwenyewe huridhia, lakini saini haileti faragha. Hapa tena kaya inaweza kusaidia badala ya kuzuia. Mhudumu anayeingia kufunga kidonda cha bibi kila wiki ana sababu halali ya kuwa pale, bila jirani kunong'ona kwamba binti wa fulani ana jambo. Mmoja akimhudumia bibi ndani, mwenzake, mwanamke kijana, anaweza kuzungumza na mjukuu kisimani. Baada ya mwezi watakuwa wanafahamiana. Dodoso la saa moja haliwezi kununua uaminifu huo.

Uaminifu wenyewe haupatikani bure. Hofu ya mumiani ni ya zamani Afrika Mashariki, na mgeni anayetoa damu ya vijana na kukata nyama ya vidonda vya wazee atahusishwa nayo, hasa akiondoka asirudi. Dawa yake ni kurudi. Matokeo yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa lugha inayoeleweka, kabla hayajasomwa kwenye ukumbi wa hoteli. Wanakijiji wapewe nafasi ya kuyapinga. Nimeona taarifa nyingi za utafiti zikimshukuru mwenyekiti wa kijiji ukurasa wa mwanzo; ni chache zinazosema kijiji kiliambiwa nini mwishoni.

Fedha ni swali halali, na tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, limekuwa swali la haraka. Sehemu kubwa ya huduma za VVU na za vijana Njombe ilibebwa na miradi ya misaada hiyo. Serikali nayo ilizindua mwaka 2024 mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Hao ndio wangekuwa macho ya utafiti ninaoueleza. Ila mhudumu akipewa fomu za UKIMWI, za malaria, za lishe na za chanjo, na hakuna hata mstari mmoja unaosema kagua mguu, mguu hautakaguliwa. Na akilipwa posho kwa kuchelewa, hatapanda mlima mara ya pili.

Halmashauri za Njombe na Makambako zinaweza kuanza bila kusubiri mfadhili. Katika bajeti ijayo ziweke bendeji za kubana na vikaratasi vya kupimia sukari katika kila zahanati. Zimwelekeze kila mganga mfawidhi kwamba kidonda kilichopita miezi mitatu kipelekwe kukatwa kipande cha kupimwa, na kipimo cha VVU kitolewe hapohapo. Zahanati iliyo karibu na sekondari ifunguliwe kwa vijana saa za jioni baada ya masomo, akae humo muuguzi asiyegomba. Vyuo vya afya vya mkoa, ambavyo wanafunzi wake hupelekwa vijijini kila mwaka kujifunza, viwatume wanafunzi hao kwenye kaya zilezile mwaka baada ya mwaka, ili ijulikane bibi alipona au la na mjukuu alimaliza kidato cha nne au la.

Nawe msomaji uliye Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya na una kwenu Njombe: mwisho wa mwaka ukipanda basi kwenda kusalimia, omba kuuona mguu wa bibi. Ukikuta kidonda kilichozidi wiki sita, mpeleke akapimwe sukari na VVU na apapaswe mapigo ya mguu, na usikubali kurudishwa na vidonge peke yake. Kisha kaa na binti anayemtunza, umuulize bila kumhukumu analala wapi siku za shule na nani anamnunulia sabuni. Kama ameshazaa, mwambie kwamba shule inaruhusiwa kumpokea, na nenda naye mwenyewe kwa mwalimu mkuu.